Prosesa Uliyoiongezea Kasi Inagoma: Jinsi ya Kutafuta Chanzo Hatua kwa Hatua

Kompyuta iliyoongezewa kasi ikianza kusumbua, wengi hukimbilia BIOS (mipangilio ya msingi ya madabodi, unayoingia kabla mfumo haujapanda) na kupandisha volteji. Kuna siku inasaidia. Siku nyingi wanarundika joto juu ya tatizo ambalo halikuwa la volteji hata kidogo, na baada ya siku 3 hawakumbuki tena walibadilisha nini na kwa nini. Ninakuomba uanze na swali moja kabla hujagusa kitu: inagoma wakati gani? Ikiwaka? Ukiipa kazi nzito? Ikiwa imekaa tu haina kazi? Baada ya nusu saa ya mchezo? Prosesa isiyotulia ina mpangilio wake wa kugoma, na ule wakati wa kugoma ndio unaokuonyesha kilichopungua.

Tukumbushane kwa kifupi kinachotokea ndani. Kasi ya prosesa ni zao la namba mbili: kloki ya msingi, ambayo kwa kawaida ni megahezi 100, na kizidishi. Kizidishi kikiwa 50 unapata megahezi 5,000, yaani gigahezi 5. Kila mdundo wa kloki ni muda ambao transista zinapaswa kumaliza kazi yao. Ukiongeza kasi, unafupisha muda huo. Volteji ikiongezwa, transista hubadilika upesi zaidi na kuuwahi mdundo. Lakini volteji huleta joto, na joto likizidi transista zinahitaji volteji zaidi kufanya kazi ile ile. Matatizo yote tutakayoyaona hapa yanatoka kwenye mvutano wa vitu hivi vitatu: kasi, volteji na joto.

Hatua ya 1: Linda faili zako kabla ya majaribio

Usiiruke hatua hii. Nilikuwa na kompyuta ambayo kwa wiki kadhaa haikuganda hata mara moja, nami nikaamini imetulia. Nikaibana folda kubwa ya picha kuwa faili moja, nikazifuta picha za asili. Siku nilipolifungua faili lile, programu iliniambia data imeharibika, na picha kadhaa zilitoka zikiwa nusu ya juu ni nzuri, nusu ya chini ni kijivu kitupu. Prosesa ilikuwa imekosea hesabu kimyakimya wakati wa kubana. Haikuzima, haikulalamika. Picha zile sikuzipata tena.

Kwa hiyo nakili faili zako muhimu kwenye diski ya nje, na unakili kompyuta ikiwa kwenye kasi ya kiwandani. Wakati mashine haijatulia, usisakinishe mfumo endeshi, usiruhusu masasisho makubwa, usiendeshe programu ya kurekebisha diski. Na kamwe usisasishe BIOS ukiwa kwenye kasi iliyoongezwa. Mashine ikizima katikati ya kazi hiyo, madabodi inaweza isiwake tena.

Hatua ya 2: Irudishe kwenye kasi ya kiwandani

Kama bado unaingia kwenye BIOS, piga picha kurasa zote za mipangilio kwa simu, kisha chagua kurudisha mipangilio ya asili. Zile picha utazihitaji baadaye, hata kama sasa hivi unajiona unakumbuka kila namba.

Kama mashine haionyeshi chochote kwenye skrini, subiri kwanza. Madabodi nyingi zikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo hujirudisha zenyewe kwenye mipangilio salama. Isipofanya hivyo, izime, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe. Tafuta pini mbili kwenye madabodi, mara nyingi karibu na betri, zilizoandikwa CLRTC, CLR_CMOS au JBAT1 kutegemea mtengenezaji. Ziunganishe kwa bisibisi kwa sekunde kama 10. Madabodi nyingine zina kitufe cha kazi hiyo upande wa nyuma. Ukikosa vyote viwili, toa betri ya CR2032, ile ya duara bapa, uiache nje kwa dakika kadhaa, kisha irudishe.

Kabla ya kufuta mipangilio, hakikisha mambo mawili. Kwanza, kama diski yako imefungwa kwa BitLocker (ulinzi wa Windows wa kufunga diski), uwe na ufunguo wake wa dharura mkononi, kwa sababu Windows inaweza kuuomba ikiona mipangilio ya usalama imebadilika. Pili, kama diski zako zilikuwa kwenye mpangilio wa RAID au VMD (namna kompyuta inavyosimamia diski), utalazimika kuurudisha mpangilio huo huo, la sivyo Windows haitapanda na utadhani umeharibu kitu kipya.

Ukishawasha, uwe na subira. Mashine zenye RAM ya aina ya DDR5 hujifunza RAM upya baada ya mipangilio kufutwa, na skrini inaweza kukaa nyeusi kwa dakika kadhaa. Wengi huzima hapo kwa hofu, halafu mashine inaanza kujifunza upya kutoka mwanzo.

Hatua ya 3: Ipime ikiwa kwenye kasi ya kiwandani

Hili ndilo jaribio la maana kuliko yote. Watu huliruka kwa sababu linaonekana ni kurudi nyuma. Izimishe XMP au EXPO pia (mipangilio ya BIOS inayoipa RAM kasi iliyoandikwa kwenye boksi), kwa sababu nazo ni kuongeza kasi: RAM iliyoandikwa 3600 au 6000 kwenye boksi hufika hapo kwa kuvuka kiwango chake cha kawaida, na kidhibiti cha RAM kimo ndani ya prosesa yenyewe.

Kuna jambo la kuangalia hapa. Baadhi ya madabodi zikiwa kwenye mipangilio yake ya asili huwa tayari zimeondoa mipaka ya umeme ili zing'ae kwenye vipimo. Tafuta kwenye BIOS mpangilio unaoifuata mipaka ya mtengenezaji wa prosesa. Kwa prosesa za Intel, madabodi zilizosasishwa huwa na chaguo lililoandikwa Intel Default Settings.

Tukiwa kwa Intel, kama una Core ya kizazi cha 13 au 14 ya kompyuta ya mezani, hasa zile za i7 na i9, sasisha BIOS kabla ya kuendelea. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa hizo zilikuwa zikipata volteji ya juu kuliko inavyotakiwa, jambo lililozichakaza mapema. Ikatoa maikrokodi (msimbo wa ndani wa prosesa unaokuja na BIOS) ya 0x129 mwezi Agosti na 0x12B mwezi Septemba mwaka huo, na kuongeza waranti kwa miaka 2. Dalili mojawapo ilikuwa mchezo kukataa kufunguka ukidai kumbukumbu ya kadi ya picha imejaa, ilhali kadi haikuwa na neno. Maikrokodi huzuia uharibifu usiendelee, haiponyi prosesa iliyokwisha kuumia. Prosesa kama hiyo ikigoma kwenye kasi ya kiwandani baada ya kusasisha, idai waranti.

Sasa endesha jaribio la mzigo. Prime95, programu ya kuitesa prosesa kwa hesabu nzito, ikiwa kwenye mpangilio wa FFT ndogo (Small FFTs) hukamua prosesa na kache, yaani kumbukumbu yake ndogo ya ndani. OCCT na y-cruncher nazo ni nzuri. Ipe saa moja. Ikigoma hapa, ile kasi uliyoiongeza haina hatia, au si yenyewe peke yake. Tafuta kwenye kipoza joto, RAM, pawa saplai au prosesa yenyewe. Ikipita, una msingi unaoweza kuutegemea. Andika joto la juu kabisa, volteji chini ya mzigo na kasi uliyoiona.

Hatua ya 4: Soma joto, na usome linavyopanda

Fungua HWiNFO, programu inayosoma joto, volteji na kasi, au amri ya sensors kama unatumia Linux, huku jaribio likiendelea. Kikomo cha prosesa nyingi za Intel za mezani ni nyuzi joto 100, na za Ryzen 7000 nyingi ni 95. Zikifika hapo hujipunguza kasi zenyewe. Kumbuka, kujipunguza kasi si kugoma. Mashine inayopungua kasi ina shida ya joto. Mashine inayoganda au kutoa skrini ya buluu ikiwa nyuzi 70 ina shida nyingine, na kununua kipoza joto kikubwa zaidi hakutaitibu.

Namna joto linavyopanda ina habari zaidi kuliko namba yenyewe. Likiruka kutoka 40 hadi 100 ndani ya sekunde chache tu, basi joto halivuki kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye kipoza joto. Skrubu zimekazwa upande mmoja, pampu ya maji haizunguki, au ile karatasi ya plastiki ya kinga haikubanduliwa. Hutokea kwa watu makini kabisa. Likipanda polepole kwa dakika 15 au 20, joto linavuka vizuri ila halitoki ndani ya kasha: vumbi kwenye chujio, feni zinazosukumana, radieta iliyoelemewa.

Kama unashuku mguso, fungua kipoza joto uitazame pesti, ule uji mzito unaopitisha joto kati ya prosesa na kipoza. Washa mashine kwa dakika kadhaa kwanza ili pesti ilainike, zima, chomoa umeme, legeza skrubu kwa mkato wa msalaba, kisha zungusha kipoza kidogo kushoto na kulia kabla ya kukivuta juu. Kwenye AMD za AM4 hili ni la lazima, kwa sababu prosesa ina pini chini yake na inaweza kung'oka pamoja na kipoza. Sasa tazama alama iliyobaki. Pesti iliyokandamizwa vizuri huwa utando mwembamba katikati, chuma kikionekana kwa mbali chini yake, na imejikusanya kingoni. Ukiona katikati ina unene kama siagi kwenye mkate, na bado ina ule mstari uliouchora wakati wa kuipaka, ujue kipoza hakikuwahi kukaa sawasawa. Safisha pande zote mbili kwa spiriti, paka upya, kaza skrubu kidogokidogo kwa zamu.

Hatua ya 5: Linganisha wakati wa kugoma na chanzo

Irudishe ile kasi uliyoiongeza, ila RAM ibaki kwenye kiwango cha kawaida. Angalia sasa.

Kama mashine haifiki hata kwenye BIOS, taa ndogo za uchunguzi kwenye madabodi zitakuonyesha imekwama wapi: prosesa, RAM, kadi ya picha au diski. Mara nyingi kizidishi kimepitiliza kabisa, au ukirudisha RAM yenye kasi, kidhibiti chake kimeshindwa.

Ikigoma sekunde chache baada ya mzigo mzito kuanza, shuku kushuka kwa volteji. Prosesa ikivuta mkondo mkubwa, volteji hushuka: umeweka 1.30 kwenye BIOS, chini ya mzigo unaona 1.23. Hiyo 1.23 ndiyo volteji halisi ya prosesa yako wakati wa kazi, ile 1.30 ni ya kupumzikia. Wengi hunukuu namba ya BIOS wakati wa kuomba msaada, na hapo hakuna anayeweza kuwasaidia.

Ikitulia kwenye kazi zote isipokuwa chache, kama kubana video au hesabu za kisayansi, huenda kazi hizo zinatumia AVX, maagizo ya prosesa ya kufanya hesabu nyingi kwa mpigo. Maagizo haya huvuta umeme mwingi kuliko kazi za kawaida. BIOS nyingi za Intel zina mpangilio wa kupunguza kizidishi AVX inapotumika. Weka 1 au 2, usijione umeshindwa.

Ikigoma ikiwa imekaa bure, ukisoma makala au umeiacha usiku kucha, hapo ndipo watu wengi hupotea. Wanasema haiwezi kuwa prosesa kwa kuwa imepita saa 6 za Prime95. Inaweza. Kwenye mzigo mdogo, kiini (core) kimoja huruka hadi kasi yake ya juu kabisa kwa muda mfupi, kisha hulala, kisha huruka tena. Kama umepunguza volteji kwa kiasi fulani kote, au umetumia Curve Optimizer ya AMD, mpangilio wa kurekebisha volteji ya kila kiini, kwa namba hasi kubwa, kiini hicho kinafika kileleni kikiwa na njaa. Jaribio la viini vyote kwa pamoja haliwezi kukuonyesha hili, kwa sababu viini vyote vikifanya kazi hakuna hata kimoja kinachofika kasi ile.

Ikigoma baada ya nusu saa au saa nzima, tafuta kitu kinachopata moto polepole: sakiti za kugawa umeme pembeni mwa prosesa, au RAM yenyewe. Hapo feni ndogo ya kupuliza eneo hilo inaweza kutosha kuthibitisha.

Ikizima ghafla kabisa kana kwamba umechomoa waya, angalia pawa saplai na plagi ya pini 8 ya prosesa iliyo juu ya madabodi. Na kama inagoma kwenye michezo tu huku majaribio yote ya prosesa yakipita, rudisha kadi ya picha kwenye kasi yake ya kawaida kwanza. Si haki kuitesa prosesa kwa kosa la jirani yake.

Hatua ya 6: Isome kumbukumbu ya mfumo

Kwenye Windows fungua Event Viewer, nenda sehemu ya System, utafute WHEA-Logger, inayoandika makosa ya maunzi. Namba 18 ni kosa lililoiangusha mashine. Namba 19 ni kosa lililosahihishwa: mashine iliendelea kama kawaida, nawe hukujua. Kernel-Power 41 ipuuze. Inakwambia tu kwamba mashine ilizima bila kuaga, jambo unalolijua tayari. Kwenye Linux, amri ya dmesg huonyesha mistari inayoanza na mce.

Fungua tukio la WHEA ulisome ndani. Kuna mstari wa APIC ID, ambayo ni namba ya uzi (thread, foleni ya kazi ndani ya kiini) uliokosea. Kwenye Ryzen ya viini 8 yenye nyuzi mbili kwa kila kiini, gawanya namba hiyo kwa 2 upate kiini: 10 na 11 zote ni kiini cha 5, tukihesabu kuanzia 0. Ikiwa kila tukio linataja kiini hicho hicho, umeshapata chanzo. Kamba hukatikia pabovu, na ndani ya prosesa moja viini havilingani. Kimoja huhitaji volteji zaidi kuliko wenzake, hicho ndicho cha kuhudumiwa.

Kwenye skrini ya buluu, msimbo 0x124 ni kosa lililoripotiwa na maunzi, na kwenye mashine iliyoongezewa kasi huelekeza kwenye volteji ndogo ya prosesa. 0x101 ni kiini kilichoacha kuitika, maana yake ni ile ile mara nyingi. 0x1A na 0x50 hunielekeza kwenye RAM kwanza. Zichukue kama fununu, usizichukue kama hukumu: RAM mbovu inaweza kutoa msimbo wowote ule.

Hatua ya 7: Tenganisha prosesa na RAM

Iweke prosesa kwenye kasi ya kiwandani, washa XMP au EXPO, endesha MemTest86 hadi imalize mizunguko yote 4. Kosa moja ni kosa. Hakuna idadi ya makosa inayovumilika kwenye RAM. Ukiyaona, shusha kasi ya RAM ngazi moja, au jaribu kijiti kimoja kimoja, halafu ubadilishe nafasi zao. Vijiti 4 hukilemea kidhibiti kuliko 2, hata kama vyote vinatoka kwenye mtengenezaji mmoja.

Ikipita RAM peke yake na ikapita prosesa peke yake, lakini zikigoma zikiwa pamoja, hiyo pia ni habari njema. Kidhibiti cha RAM na viini vinagombania joto na umeme ndani ya kipande kimoja. Punguza kimojawapo kidogo.

Hatua ya 8: Rekebisha kitu kimoja kwa wakati

Anza kwa kushusha kizidishi kwa 1, yaani megahezi 100, bila kugusa volteji. Ikitulia, umethibitisha kwamba volteji uliyonayo haitoshi kwa kasi uliyoitaka. Sasa ni uamuzi wako: ubaki hapo, au urudi juu na kuongeza volteji kwa hatua ndogo za 0.010 hadi 0.020, ukipima kila hatua.

Kabla hujaamua, piga hesabu pamoja nami. Umeme unaotumika hulingana na zao la kasi na volteji iliyopigwa kipeo cha pili. Tuseme gigahezi 5.0 inatulia kwa volti 1.30, na 5.1 inahitaji 1.36. Kasi imepanda asilimia 2. Umeme, na hivyo joto, vimepanda karibu asilimia 12. Hutaihisi asilimia 2 kwenye kazi yoyote, lakini feni zako utazisikia kila siku. Mimi hapo nabaki kwenye 5.0 bila majuto, nami nakushauri hivyo hivyo.

Kama volteji inashuka mno chini ya mzigo, tumia mpangilio wa LLC, unaozuia kushuka huko. Chagua ngazi ya katikati. Ngazi kali kabisa hufanya volteji irukie juu ya ulichoweka pale mzigo unapoachiwa ghafla, na miruko hiyo programu za kawaida haziioni. Kuwa mwangalifu na namba: kwenye madabodi fulani ngazi ya 1 ndiyo kali kuliko zote, kwenye nyingine ngazi ya 1 ndiyo dhaifu. Tazama mchoro ulio pembeni ya mpangilio huo, au usome kitabu cha madabodi yako, usifuate namba ya mtu mwenye madabodi tofauti.

Kwa Curve Optimizer, usiweke -30 kwa viini vyote kisha ukatumaini. Hatua moja ni takriban milivolti 3 hadi 5, kwa hiyo -30 ni pungufu kubwa. Weka kila kiini peke yake. Vile viini viwili ambavyo programu ya AMD huviwekea alama kuwa ndivyo bora, mara nyingi ndivyo vinavyovumilia upungufu mdogo zaidi, kwa kuwa tayari vinapelekwa juu kuliko wengine. CoreCycler hupima kiini kimoja kimoja kwa zamu na kukutajia kilichoshindwa. Kikishindwa kilicho kwenye -20, kipeleke -15, uendelee.

Na kuna mtego kwenye Ryzen: ukipunguza volteji mno, prosesa inaweza isigome kabisa, ila hurefusha midundo yake ili ijiokoe. Skrini inaonyesha gigahezi 4.8 huku kazi inayofanyika ni ya 4.6. Kwenye HWiNFO soma kasi halisi, ile inayoitwa effective clock, na uendeshe Cinebench, kipimo cha utendaji kinachotoa alama, kila baada ya badiliko. Alama zikishuka baada ya kile ulichodhani ni maboresho, rudi nyuma.

Hatua ya 9: Thibitisha kwa majaribio ya aina tofauti

Nusu saa ya Prime95 inatosha kukataa mpangilio mbovu, haitoshi kuukubali mzuri. Nikishapata mpangilio ninaoupenda naupitisha kwenye saa kadhaa za FFT ndogo, kisha jaribio mchanganyiko linalogusa RAM, kisha CoreCycler usiku mzima. Halafu naiacha mashine bila kazi usiku mwingine, na kuilaza na kuiamsha mara kadhaa, kwa kuwa kuamka kutoka usingizini huangusha mipangilio iliyopita kila kitu.

Soma madirisha ya Prime95 kwa macho yako. Mfanyakazi (worker, yaani sehemu moja ya jaribio) mmoja akishindwa, wengine huendelea, na ikoni pembeni inaweza isikushtue. Ukiona mstari unaosema "Rounding was 0.5, expected less than 0.4", uzi huo umekosea hesabu. Mashine haijaanguka, Windows inafanya kazi, muziki unaendelea kucheza, na bado jibu ni baya. Hilo ndilo kosa lililokula picha zangu. Mwisho wa yote, rudi kwenye WHEA-Logger na uhakikishe hakuna hata tukio moja la namba 19 tangu ulipoanza. Moja likiwepo, mpangilio haujapita.

Hatua ya 10: Kama ilikuwa imetulia mwaka mzima na sasa imeanza

Ukipata mpangilio uliopita majaribio yote, uhifadhi kama profaili kwenye BIOS, kisha andika kando: kizidishi, volteji chini ya mzigo, joto la juu, joto la chumba, alama za Cinebench. Kusasisha BIOS mara nyingi hufuta profaili, kwa hiyo andika kwenye daftari pia.

Mashine iliyotulia muda mrefu ikianza kugoma, toa vumbi, sikiliza pampu, kisha rudia jaribio lile lile na ulinganishe na daftari. Joto likiwa limepanda nyuzi 10 au zaidi kuliko zamani kwenye chumba chenye joto lile lile, chanzo ni upoozaji: paka pesti upya. Kama ulisasisha BIOS hivi karibuni, angalia kama volteji chini ya mzigo bado ni ile ile, maana masasisho huweza kubadilisha tabia ya LLC na mipaka ya umeme bila wewe kugusa kitu. Joto likiwa lile lile, volteji ile ile, na bado inagoma pale ilipokuwa inapita, prosesa imechakaa. Mkondo mkubwa na volteji ya juu husogeza atomi za chuma kwenye njia ndogo za ndani mwaka hadi mwaka. Hapo usipandishe volteji, kwa kuwa unaongeza kile kile kilichoichakaza. Shusha kizidishi kwa 1 au 2, acha volteji ilipo, na urudie hatua ya 9 tangu mwanzo.